Kujenga misuli baada ya kupungua: shajara ya mlo wa nyumbani Dar es Salaam, Januari hadi Juni 2025

Shajara hii ni ya mpango mmoja wa chakula uliofanyika Tabata, katika nyumba ya watu watano wanaokula chungu kimoja. Mhusika ni mwanamume wa miaka 34, urefu sm 174, aliyeshuka kutoka kilo 96 hadi 78 na sasa anataka misuli bila kurudisha kitambi. Asubuhi na usiku anakula nyumbani, mchana anabeba hotipoti kazini. Kalori zote hapa ni kilokalori, kama zinavyoandikwa kwenye pakiti. Anayetaka kuiga aweke uzito wake kwenye hesabu, asibadili utaratibu. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au anayetumia dawa za presha aanze kwa daktari au mtaalamu wa lishe, kwa sababu kiasi cha protini na wanga kilichomo humu hakimfai kila mtu.

6 Januari: vipimo vya mwanzo

Uzito kilo 78.0, kiuno usawa wa kitovu sm 88, chakula cha mwisho wa kipindi cha kupungua kilikuwa kalori 1,900 kwa siku. Skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) kilo 60 mara 8, benchi (kusukuma chuma ukiwa umelala chali) kilo 45 mara 8.

Vifaa ni vichache: mizani ya jikoni ya kidijitali (shilingi 22,000), mizani ya mwili iliyokuwepo, na futi ya fundi cherehani (1,000). Mizani ya mwili inakaa kwenye vigae. Ikikaa juu ya mkeka au zulia inadanganya. Kupima ni asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya chai, kila siku, kisha unachukua wastani wa siku saba. Namba ya siku moja haina maana yoyote: chumvi ya jana usiku pekee inaweza kuipandisha nusu kilo.

Fomula ya Mifflin-St Jeor inampa mwanamume huyu kalori 1,702 akiwa amepumzika. Ukizidisha kwa 1.5 kwa mtu wa ofisini anayefanya mazoezi siku nne, unapata 2,554. Namba hii tuliiandika lakini hatukuifuata. Mwili uliotoka kupungua hutumia kidogo kuliko fomula inavyodhani: ni mwepesi zaidi, na mtu mwenyewe hujitikisa kidogo bila kujua, anakaa zaidi, anapanda daladala pale alipokuwa akitembea. Wakati huohuo njaa iko juu. Anayeruka moja kwa moja kutoka 1,900 kwenda 2,850 kwa kuambiwa kuwa misuli inataka kula sana, mafuta ndiyo yanayotangulia kurudi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutuliza uzito. Kila juma tuliongeza kati ya kalori 150 na 200, karibu zote za wanga: mchele, unga, ndizi, viazi vitamu.

27 Januari: uzito umetulia kwa 2,400

Mizani imepanda hadi 79.4. Kiuno bado sm 88.

Hapa ndipo wengi huogopa na kurudi kwenye kufunga kula. Kilo 1.4 hizo si mafuta. Wanga unaorudi hujaza glikojeni, yaani akiba ya wanga, kwenye misuli na ini, na kila gramu ya glikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Gramu 350 za glikojeni pamoja na maji yake ni kilo 1.4. Ongeza na uzito wa chakula kilichomo tumboni. Ushahidi ni futi: uzito ukipanda na kiuno kikabaki palepale, huku vyuma vikiwa vyepesi zaidi mkononi, ni maji. Kiuno kikipanda nacho, ni jambo lingine.

Kwa siku saba za mwisho wastani haukusogea, kwa hiyo 2,400 ndiyo kalori za kusimama. Ni pungufu ya fomula kwa 150. Usiione ndogo, kwa sababu ziada nzima tunayoipanga ni 250 tu.

Mpango kuanzia leo ni kalori 2,650, protini gramu 140 (gramu 1.8 kwa kila kilo. Utafiti unaweka eneo la kufaa kati ya 1.6 na 2.2), mafuta gramu 70, wanga karibu gramu 365. Lengo ni kupanda gramu 200 hadi 300 kwa juma. Zaidi ya hapo misuli haiendi nayo, inayozidi inawekwa kiunoni.

Mazoezi kwa ufupi: kila msuli mkubwa mara mbili kwa juma, seti kama kumi hivi kwa juma, na kila wiki ama kilo moja na nusu zaidi au marudio mawili zaidi. Bila hilo chakula hiki ni cha kunenepa tu.

10 Februari: protini kwa bei ya Buguruni

Kosa la kawaida la mnunuzi ni kulinganisha bei ya kilo. Linganisha bei ya gramu 25 za protini, kiasi kinachotosha mlo mmoja. Kwa bei tulizolipa kwenye masoko ya Buguruni na Kariakoo mwezi huu, kwanza bei ya kununulia kwa shilingi, kisha kiasi chenye gramu 25 za protini na gharama yake:

Maharage, kilo 3,200: gramu 120 kavu, karibu shilingi 380.
Karanga, kilo 4,500: gramu 100, shilingi 450, lakini ndani yake mna kalori 560.
Dagaa wakavu wa Mwanza, kilo 12,000: gramu 42, karibu shilingi 500.
Nyama ya ng'ombe steki, kilo 11,000: gramu 125, karibu 1,400.
Mayai, trei 10,000: mayai manne na kidogo, karibu 1,400.
Kuku wa kisasa, 8,500 mzima: ukiondoa mifupa, karibu 1,450.
Maziwa, lita 2,800: mililita 780, karibu 2,200.

Dagaa ndio mfalme wa orodha hii. Protini yao ni kamili, yaani ina asidi amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kalsiamu ipo kwa sababu mifupa inaliwa, na mafuta ni kidogo. Maharage ni rahisi zaidi, ila yana wanga mwingi na protini yake ina upungufu wa methionini, moja ya asidi amino hizo. Mahindi yana upungufu wa nyingine, lisini, ambayo maharage yanayo tele. Ugali kwa maharage, mlo ambao watu wa jimu huudharau, unaziba mapengo ya pande zote mbili vizuri kuliko kila kimoja peke yake. Karanga zinaonekana nafuu, lakini kuzitegemea kwa protini ni kumaliza bajeti ya kalori kabla ya chakula cha mchana. Poda ya protini haikununuliwa. Gramu 140 zinafikiwa bila hiyo.

Mlo wa siku uliokubalika:

Asubuhi: mayai matatu kwa kijiko kidogo cha mafuta, uji wa dona (unga gramu 40) uliopikwa kwa maziwa mililita 250, ndizi mbivu moja. Kalori 645, protini 30.
Mchana kwenye hotipoti: wali wa mchele mkavu gramu 100, maharage makavu gramu 80, dagaa gramu 35, mchicha. Kalori 870, protini 47.
Saa kumi jioni kabla ya mazoezi: mtindi mililita 300 na ndizi. Kalori 280, protini 11.
Usiku: ugali wa dona gramu 120, samaki, kuku au nyama gramu 200 bila mfupa, matembele au sukuma wiki. Kalori 810, protini 51. Papai au chungwa baadaye.

Jumla, tunda likiwemo, ni karibu 2,670 na protini 140. Uzito wote wa nafaka na kunde ni mkavu, kabla ya maji. Ugali uliopikwa haupimiki kwa kutazama, maana maji ya leo si ya jana. Njia ya chungu cha wengi ni hii: pima unga wote unaoingia, pima sufuria tupu na uandike uzito wake ukutani, kisha pima sufuria na ugali. Kama unga ulikuwa gramu 600 na ugali umetoka gramu 1,800, kila gramu 300 za ugali zina gramu 100 za unga. Mhusika akipakua gramu 360, amepata zake 120. Ni dakika moja, na baada ya wiki mbili jicho linazoea.

Kwa vyakula vyetu, jedwali la virutubishi vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili (MUHAS), Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard ndilo la kufungua kwanza. Programu za simu zinajua chapati ya mtu mwingine, si ya mtaa wako.

24 Februari: kiuno kimepanda, chanzo ni dumu

Wastani wa uzito ni 81.5. Katika siku 28 tulitarajia kuongezeka kilo moja hivi, imeongezeka 2.1. Kiuno sm 90. Hii si glikojeni tena, ile ilishajaa Januari.

Kilo moja ya ziada, kwa makadirio ya kalori 7,700, ikigawanywa kwa siku 28 ni kalori 275 kila siku ambazo hazimo kwenye daftari. Mchele ulipimwa, unga ulipimwa, nyama ilipimwa. Kilichokuwa kinamiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu la lita tano ni mafuta. Tulimwomba mama wa nyumba apike kama siku zote, ila amimine kwanza kwenye kikombe cha kupimia: mililita 150 kwa mboga ya watu watano. Kila mtu anakula mililita 30, karibu kalori 250. Mpango uliandika mililita 12, yaani kalori 100. Tofauti ni 150 kwa mlo, na kwa kuwa hotipoti ya mchana inatoka kwenye chungu cha jana usiku, ni milo miwili. Kalori 300 kwa siku. Hesabu imekutana na kiuno.

Kumtaka mpishi apunguze tu hakufanyi kazi, kwa sababu mkono hauna kipimo na mboga ikikosa ladha nyumba nzima inalalamika. Kilichofanya kazi ni haya. Chupa ndogo ya mililita 420 inajazwa kila Jumatatu kutoka kwenye dumu. Ni mililita 60 kwa siku kwa mboga ya chungu kizima, na ikiisha Jumamosi, Jumapili ni mchemsho. Kitunguu kinakaangwa kwa vijiko viwili vya mafuta na maji kidogo kidogo kila kinapokauka, hadi kibadilike rangi. Nyanya inaingia ikiwa imekunwa na inaachwa ikauke kabisa kabla ya kuongeza maji. Ladha ya rosti iko kwenye nyanya iliyokauka, si kwenye mafuta yanayoelea. Dagaa wanakaushwa kwenye kikaango kikavu kabla ya kuungwa, hawazamishwi kwenye mafuta.

Nazi nayo ihesabiwe. Nyama ya nazi iliyokunwa ina gramu 33 hivi za mafuta kwa kila gramu 100. Nazi yenye nyama ya gramu 300 ina karibu gramu 100, na hata nusu yake ikiingia kwenye tui, ni kalori 450 ndani ya sufuria. Maharage ya nazi yamebaki, ila siku hiyo chupa ya mafuta haifunguliwi.

Kwa mama lishe, siku hotipoti ikisahaulika: wali maharage, samaki wa kuchemsha au nyama ya mchuzi, na mchuzi uje kwenye bakuli pembeni. Chipsi mayai haina nafasi mchana wa siku ya kawaida. Mayai mawili yaliyomo yana protini 12 tu, na viazi vimekwisha kunywa mafuta.

Kalori hazikupunguzwa chini ya 2,650. Tuliondoa zisizoandikwa.

17 Machi: Ramadhani

Uzito 81.0, kiuno sm 89.5.

Mhusika anafunga. Lengo la mwezi huu limeshushwa kuwa kulinda, si kujenga: kalori 2,400, protini 130. Kulazimisha ziada kati ya magharibi na alfajiri kunaharibu usingizi, na usingizi ukiharibika misuli haipati nafasi.

Juma la kwanza lilionyesha udhaifu mmoja mkubwa. Meza ya futari ya Pwani ni wanga na mafuta: mihogo ya nazi, magimbi, viazi, tambi za sukari, kaimati. Ni tamu, ni ya baraka, na mtu anashiba kabla ya kugusa protini. Daftari lilionyesha gramu 75 kwa siku badala ya 130.

Marekebisho ni ya mpangilio. Tende tatu na maji, kisha kikombe cha uji wa pilipili manga uliopikwa kwa maziwa. Baada ya swala, samaki au kuku gramu 200 vinaliwa kwanza, halafu mhogo au viazi gramu 250. Kaimati mbili, siku za Ijumaa. Baada ya tarawehe, mtindi mililita 400 na mayai mawili ya kuchemsha. Daku, kabla ya saa kumi na moja alfajiri, ni wali au ugali wa kiporo na maharage na dagaa gramu 40. Wanga mtupu wakati wa daku, chai na maandazi kwa mfano, haufiki hata saa nne asubuhi. Maji lita mbili na nusu hadi tatu yanagawanywa usiku kucha. Ukiyanywa yote wakati wa daku utayatoa yote kabla ya kufika kazini.

Mazoezi yamehamia saa tatu usiku, siku tatu kwa juma, uzito uleule wa vyuma na seti zilizopunguzwa kwa theluthi. Uzito wa chuma ndio unaouambia mwili usiachie misuli, kwa hiyo punguza seti kabla ya kupunguza kilo.

14 Aprili: masika, dagaa na tumbo

Uzito 81.2, kiuno 89.5. Mwezi ulipita bila kupoteza nguvu. Tumerudi 2,650.

Mvua za masika zimeleta tatizo la soko. Dagaa wasiokauka sawasawa wanavunda haraka na mafuta yao yanachacha. Namna ya kuchagua: shika mmoja umkunje. Mkavu anavunjika kwa mlio, mwenye unyevu anapinda. Awe wa rangi ya fedha. Wa njano au kahawia mwache. Nusa, kwani harufu ya samaki ni sawa ila ikikwaruza koo ni mchacho. Waliokaushwa juu ya vichanja wana mchanga kidogo kuliko wa kuanikwa chini. Nyumbani toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara mbili hadi maji yawe safi, kausha kwenye kikaango, hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Pima baada ya kuchambua. Kilo uliyonunua si kilo utakayokula.

Tatizo la pili ni gesi. Gramu 80 za maharage kila siku ni nyingi kwa tumbo lisilozoea. Loweka saa nane hadi kumi na mbili, mwaga maji, suuza, yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo, kisha punguza moto hadi yaive kabisa. Maharage nusu mbichi si ya kula: yana lektini, sumu ya asili inayotapisha. Tulianza upya na gramu 40 na kupanda kwa gramu 10 kila siku nne, na siku tatu kwa juma tukaweka choroko zilizokobolewa, ambazo ni laini zaidi tumboni. Gesi ilikwisha ndani ya juma la tatu.

9 Juni: hesabu ya hatua hii

Uzito 82.6, kiuno sm 90, kilo 1.4 katika majuma nane. Ni chini kidogo ya gramu 200 kwa juma, na kiuno kimeongezeka nusu sentimita tu. Skwati kilo 80 mara 8, benchi 57.5 mara 8. Mchanganyiko huu wa namba, chuma kinapanda haraka kuliko kiuno, ndio wa kutafuta. Mizani peke yake isingetuambia.

Gharama: siku yenye samaki wa soko la Feri usiku inafika shilingi 8,700, kwa sababu kibua wa shilingi 9,000 kwa kilo akitolewa kichwa, mifupa na matumbo anabaki nusu. Siku ya steki ni kama 7,300. Siku ya dagaa gramu 60 usiku badala ya nyama haizidi 5,900. Tumegawa juma kuwa siku nne za samaki, kuku au nyama na tatu za dagaa, wastani ukiwa karibu 7,000 kwa siku. Pesa ikibana mwisho wa mwezi, kata samaki kwanza na mtindi pili. Mayai ya asubuhi yabaki, maana ndiyo yanayoandaliwa haraka kuliko kingine chochote na hayarukwi.

Kwa kuwa kupanda kumekuwa upande wa chini, kuanzia juma hili tunaongeza kalori 100: ndizi moja zaidi baada ya mazoezi. Kuangalia upya ni baada ya majuma matatu. Wastani ukizidi gramu 300 kwa juma, au kiuno kikifika sm 91.5, ndizi inaondoka na chupa ya mafuta inapimwa upya kabla ya kugusa kitu kingine.